Tulikwenda Mpaka Mpakani

Nilivuka mpaka wa nchi yangu kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 67, na nilivuka nikitafuta choo.

Ilikuwa Tunduma, saa saba mchana, jua limesimama utosini na vumbi la malori limenijaa hadi kwenye nyusi. Mwenye duka mmoja alininyooshea mkono: pita hapo katikati ya vibanda, ukifika kwa wauza vitenge kata kulia, utakiona. Nikapita, nikakata kulia, nikakiona. Nikampa noti ya shilingi 1,000 kijana aliyekaa na ndoo ya maji mlangoni, naye akanirudishia chenji ya kwacha. Nikadhani amekosea, nikaona haya kumuuliza. Nilipotoka, askari mwenye sare nisiyoijua alikuwa kivulini anamenya karanga. Akatazama kitenge changu cha sare ya kanisa, akasimama.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye wa ile Kosta ya akina mama?"

"Marahaba. Ndiyo, mwanangu."

"Basi hapa umeshavuka. Hapa ni Nakonde, Zambia."

Magoti yalilegea. Nakumbuka nilibana mkoba kwapani kama mwizi. Dakika moja kabla ya hapo nilikuwa nimesimama kwenye udongo uleule, chini ya jua lilelile, sina wasiwasi wowote isipokuwa ule wa kibofu. Hakuna kilichobadilika ila maneno mawili matatu ya kijana mwenye karanga mkononi. Nimefundisha historia shule za sekondari kwa miaka 36, nimechora ramani ya Afrika Mashariki ubaoni mara nyingi kuliko nilivyosonga ugali, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza ule mstari wa nukta na vistari ninaouchora una nini ndani yake hata uweze kumtia mtu mzima hofu.

Niseme tulifikaje. Umoja wetu wa wanawake hapa Mbeya hufanya matembezi mara moja kwa mwaka. Tulikwishakwenda Ziwa Ngosi, ambako nusu yetu tuliishia njiani tukihema, na Matema, ambako kila mtu anakwenda. Mwaka 2024 mwenyekiti akauliza, safari hii tunakwenda mpaka wapi? Bibi mmoja wa miaka 81, ambaye ndiye mkubwa wetu, akajibu: "Mpaka mpakani." Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichopitisha hoja. Mimi peke yangu, mwalimu wa watu, nilibaki nalitafuna lile neno. Kiswahili kimefanya jambo la ajabu hapo. Mpaka ni ukomo wa shamba na wa nchi, na mpaka ni hadi: mpaka kesho, mpaka nife, mpaka utakaponielewa. Anayesema mpaka Tunduma hasemi kwamba Tunduma imemzuia. Anasema ndiko anakokwenda.

Tuliondoka Mwanjelwa saa 12 asubuhi, akina mama 24 na dereva mmoja aliyekuwa amekwishajuta. Kijana aliyetuongoza nilimfundisha kidato cha pili. Siku hizi ni wakala wa forodha huko Tunduma, na alikuja kutupokea njiani, Mlowo, ili kwanza atupeleke kwenye kimondo. Kimondo cha Mbozi ni bonge la chuma, urefu kama mita tatu, na uzito wake unakadiriwa kufika tani 16. Kimelala pale kilimani Marengi kama ng'ombe aliyekataa kuinuka. Akina mama walikigonga kwa funguo na kusikiliza kinavyolia. Yule bibi alikaa kwenye ukingo wa zege, akasema kama kingeanguka mwendo wa saa moja tu kuelekea magharibi, leo tungekuwa tunaomba ruhusa ya Wazambia kukiangalia.

Nilimjibu kwamba hata hivyo kimekwishahama mkoa bila kusogea. Na ni kweli. Mbozi, Vwawa na Tunduma zilikuwa Mbeya tangu nianze kazi, lakini mwaka 2016 ulizaliwa mkoa wa Songwe, na watu waliolala Mbeya wakaamkia Songwe. Dada yangu ameolewa Njombe. Mpaka mwaka 2012 tulijihesabu sote watu wa mkoa wa Iringa. Baada ya hapo akawa wa mkoa mwingine, na kwa muda mrefu kila nikiandika barua niliandika Iringa kwa ukaidi, na barua zikafika. Hiyo ni mistari midogo, haina askari. Lakini subiri miaka 50, utaona wajukuu wetu wakisema sisi wa Songwe tuko hivi, wale wa Mbeya wako vile, kama kwamba Mungu aliwaumba hivyo Jumatano.

Mimi mwenyewe ni mtoto wa mstari wa namna hiyo. Nilizaliwa karibu na Kalenga, Iringa, nikabatizwa Mlutheri. Nilipoolewa Rungwe mwaka 1983 nikawa Mmoraviani, na mama mkwe alinipokea kama mtu aliyevushwa kutoka ng'ambo ya bahari. Nilikuja kugundua baadaye, nikisoma kwa ajili ya kufundisha, kwamba mwaka 1891 wamisionari wa Berlin na wale wa Moravia walifika Unyakyusa karibu wakati mmoja, wakaona si vema kugombania kondoo, wakagawana nchi: ninyi huku, sisi kule. Ni jambo la busara, halina ubaya. Ila tangu siku hiyo, jinsi mtu wa nyanda hizi atakavyoimba, atakavyozikwa na nani atamshika mkono Jumapili, viliamuliwa na watu wachache waliokubaliana mahali pa kukata. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka 12. Imani yangu ni ya kweli, naijua. Na ilinifikia kwa njia ya mstari.

Tunduma haifanani na picha ya mpaka uliyonayo kichwani. Unaanza kuujua kwa malori. Yanapanga foleni kilomita baada ya kilomita kando ya barabara ile ya Dar es Salaam hadi Zambia, yakiwa na shaba ya Kongo na Zambia upande huu, mafuta na makontena upande ule. Chini ya matela matandiboi wamening'iniza vyandarua na kuinjika maharage. Halafu unaujua kwa wabadilisha fedha, ambao hushika mabunda ya noti hadharani kama wauza mboga. Halafu sare: uhamiaji, forodha, polisi, afya, watu wa mimea, watu wa mifugo, na wengine ambao kijana wetu alituambia tusiwaulize kitu. Kamera juu ya nguzo. Geti. Lakini ukitoka barabarani hatua 200, kuna soko, na ndani ya soko mstari unapita katikati ya miguu ya watu, na mama mwenye beseni la dagaa anauruka mara nane kabla ya chakula cha mchana. Njia za panya, wanaziita, japokuwa panya sikumwona. Niliona watoto wa shule.

Kwenye jengo lile kubwa kijana wetu alisimama kama nilivyokuwa nikisimama mimi darasani, hata mkono alishika kiunoni. Kituo cha pamoja, alisema, kilifunguliwa Oktoba 2019 na marais wawili, Magufuli na Lungu. Zamani msafiri alikaguliwa upande huu, akatoka, akakaguliwa tena upande ule. Sasa unakwenda moja kwa moja upande unaoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja; wa nchi yako wanakutoa, wa pili wanakupokea.

"Kwa hiyo," nikamuuliza, "ninapokwenda Zambia, Tanzania inanigongea muhuri wa kutoka nikiwa tayari Zambia?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na pale katikati, kutoka getini hadi dirishani, mimi niko wapi?"

Alicheka. "Mwalimu bado unatupa mtihani."

Lakini nilikuwa nauliza kwa dhati. Kuna mwendo wa dakika chache pale ambapo mwili wako uko nchi moja na jina lako liko nyingine. Nusu saa baadaye nikawa huko kwa sababu ya kibofu, mwili umetangulia, jina limebaki Tanzania kwenye orodha ya Kosta.

Ile hofu iliyonishika nje ya choo ilitoka wapi? Haikutoka kwenye ardhi. Ilitoka kwenye maneno. Ukisema maneno si kitu, basi na mimi sijaolewa. Mwaka 1983 mchungaji alisema maneno mbele ya watu kama mia, na kabla hayajasemwa mimi na marehemu tulikuwa watu wawili, na yalipokwisha tulikuwa kitu ambacho hata kifo hakijamaliza kukifungua. Ubatizo ni maji ya bomba na maneno. Hata tulipokuwa wasichana tukicheza rede pale shuleni, tulichora mstari mavumbini kwa kisigino, na anayerusha mpira akiukanyaga tulipiga kelele hadi mwalimu akatoka ofisini. Upepo ungeweza kuufuta. Sisi hatukuweza. Kwa hiyo sikubaliani na vijana wanaosema mpaka ni kitu cha kufikirika tu, kama kwamba cha kufikirika ni kitu chepesi. Kinachonisumbua ni kingine: ndoa niliitikia, rede nilikubali kucheza. Huu mstari wa Tunduma nani aliitikia?

Hapo mwalimu wa historia ananiamka ndani. Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba. Waingereza waliachiwa Zanzibar, Wajerumani wakapewa kisiwa kimoja cha mawe kwenye bahari ya kaskazini, Helgoland, na humohumo, kama mtu anayeongeza chumvi, wakakata kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Waingereza walitaka ile barabara ya kuunganisha maziwa mawili ibaki kwao. Mstari ukafuata haja ya barabara ambayo kwa sehemu kubwa haikuwa hata imejengwa. Wanyamwanga wakabaki pande mbili. Wandali pande mbili. Wanyakyusa na ndugu zao Wangonde, mto Songwe katikati.

Mwaka huo Iringa ilikuwa na mpaka wake. Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alikuwa na walinzi njiani, na pale Kalenga alikuwa amezungushia ngome yake ukuta mrefu wa mawe na udongo. Agosti 1891 Wahehe waliwavunja Wajerumani Lugalo, kamanda wao Zelewski akauawa pamoja na askari wake wengi. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1894, Wajerumani wakaja na mizinga, ukuta ukaanguka. Nilikwenda Kalenga kwa mguu na darasa zima nikiwa na miaka 10, hayo yalikuwa matembezi yangu ya kwanza ya kuongozwa. Tulionyeshwa vichuguu vya udongo, tukaambiwa huu ndio ukuta. Tukaonyeshwa fuvu la Mkwawa ndani ya kioo, lile lililorudishwa kutoka Bremen Juni 1954 na Gavana Twining, miaka 35 baada ya mkataba wa Versailles kusema lirudishwe. Bibi yangu alikuwapo siku ya kupokea. Alisema watu walikuwa wengi, na kwamba alilia akiwa hajui kama analilia kichwa chenyewe au kitu kingine.

Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 asije akashikwa. Na mwaka huohuo, 1898, wapima ardhi wa Kiingereza na wa Kijerumani walikuwa wanatembea kati ya Nyasa na Tanganyika na darubini zao, wakiuhamisha ule mstari kutoka kwenye karatasi hadi kwenye nyasi. Nilisimama Tunduma na hayo mawili yakagongana kichwani. Babu zetu walijenga ukuta wa kweli, wa kupapaswa kwa mkono, na leo mbuzi wanalala juu yake. Wageni walichora mstari usio na unene, na leo unayalaza malori kilomita tano. Ukuta ulilindwa na walioamini kwamba ni wao. Mstari unalindwa na wajukuu wa watu ambao hawakuulizwa, na wanaulinda vizuri.

Mtu atasema basi tuufute. Hilo lilijibiwa mapema. Julai 1964 viongozi wa Afrika walikutana Cairo, na aliyeleta hoja kwamba mipaka iliyorithiwa siku ya uhuru iheshimiwe alikuwa Mwalimu Nyerere wetu. Somalia na Moroko hazikukubali. Nyerere hakuwa mtu wa kuipenda mipaka ile; alijua imekatwa kipuuzi. Aliona tu kwamba ukianza kuirekebisha moja, hakuna itakayobaki salama, na watakaokufa si waliochora. Nimeifundisha hoja hiyo mara nyingi, na kila mara palikuwa na mtoto mmoja nyuma darasani aliyeinua mkono: Mwalimu, kwa hiyo kitu kikiibiwa zamani sana kinakuwa halali? Sikuwahi kuwa na jibu zuri. Nilimwambia akae.

Nikiwa mkweli, Nyerere mwenyewe ilimbana. Mkataba uleule wa 1890 unapitisha mpaka wa Ziwa Nyasa kwenye ufuko wa upande wetu, siyo katikati ya maji. Malawi inaushika huo na kusema, ninyi si ndio mliosema Cairo tuheshimu tulichorithi? Tanzania tangu miaka ya 1960 inasema mpaka uko katikati ya ziwa, kama ilivyo desturi ya maziwa mengi duniani. Mwaka 2012 kelele zilipanda tena, Malawi ikiwa imeruhusu mafuta yatafutwe majini, na suala likapelekwa kwa wazee waliowahi kuwa marais, akiwamo Chissano wa Msumbiji, wasuluhishe. Kwa mstari wa 1890, akina mama wa kanisa letu tulipokwenda Matema na kuingia majini hadi magotini tukiimba, tulikuwa tumeingia nchi ya watu bila pasi. Mwenyekiti wetu aliingia hadi kifuani.

Biblia haikunisaidia kama nilivyotarajia. Nilipofika nyumbani nilitafuta. Kumbukumbu la Torati linamlaani anayesogeza jiwe la mpaka wa jirani yake, na Mithali inarudia onyo. Paulo akihubiri Athene anasema Mungu ndiye aliyewawekea mataifa mipaka ya makazi yao. Halafu Paulo huyohuyo anawaandikia Waefeso kwamba Kristo amebomoa ukuta uliotenga. Mchungaji wetu kijana alinifafanulia kwamba ule ni ukuta wa kiroho. Labda. Nimeona kuta nyingi zinazoitwa za kiroho wanapokuwapo wanaofaidika nazo mwilini.

Lakini kuna jambo ambalo mwandishi wa Torati hakulikuta, nami ningependa kumpeleka Kyela akalione. Mto Songwe, ukishuka kutoka milimani na kuingia tambarare, hautulii. Mvua ikiwa kubwa unaacha njia yake na kukata nyingine. Mpaka wa nchi ni mto, mto unahama. Mtu wa Kyela analala ana shamba la mpunga Tanzania, anaamka liko ng'ambo, au la Mmalawi limeletwa mlangoni kwake. Jiwe la mpaka limesogezwa. Sasa ile laana inamwangukia nani? Nilimuuliza mchungaji, akasema maji hayana dhambi. Nikamwambia najua, ndiyo maana nauliza. Anayeamuru maji ni mmoja. Kama Mungu aliweka mipaka ya mataifa kama Paulo anavyosema, hapa Kyela anaonekana bado hajaamua.

Mwanangu wa mwisho alisoma Korea Kusini. Kule, alinisimulia, kuna matembezi ya mpakani ya kulipia. Unatoka Seoul na basi asubuhi, unaonyesha pasi, unapewa mwongozaji. Mpaka ule ni wa kusimamisha vita tu, wa Julai 1953. Vita vyenyewe havijamalizwa kwa mkataba wa amani. Una urefu wa kilomita kama 250 na upana wa kilomita nne, mabomu yamefukiwa, na sehemu yake kubwa watu hawaikanyagi, kwa hiyo ndege na wanyama wamestawi. Kuna vibanda vya buluu, na ndani ya kibanda kimojawapo kuna meza. Wakati ule mgeni akizunguka meza alikuwa Korea Kaskazini, alipigwa picha, alirudi. Alinitumia picha kama hiyo. Amesimama amekunja mikono, anajaribu kuonekana jasiri.

Siku ile niliitazama kama kichekesho. Baada ya Tunduma nimeifikiria tena, na sipendi ninachokiona. Wale wenye ndugu upande wa pili ndio wasioweza kuvuka kwenda kuwaona. Mgeni kutoka Mbeya aliweza kuzunguka meza. Na sisi akina mama 24 tulikuwa na nini huko Tunduma? Tulikwenda kuangalia mahali ambapo kukaa kwetu upande mmoja hakujatugharimu kitu. Kwa Mnyamwanga mwenye mjomba Nakonde, Mei 2020 mpaka ulipofungwa kwa ajili ya korona, huo haukuwa utalii. Yule askari wa karanga aliniambia hilo, tukitembea, maana aliamua kunisindikiza.

Ndiyo, alinisindikiza. Nilikuwa nimesimama nimeganda, nikijiandaa kueleza, nikitafuta kitambulisho cha mpiga kura ndani ya mkoba. Akasema, "Mama, acha. Twende nikurudishe ulikotokea." Kiswahili chake kilikuwa kizuri, nikamsifu. Akacheka: mama yake mdogo ameolewa Tunduma, likizo zote za utotoni alizimalizia huko. Wakati wa korona alifariki baba mkwe wa huyo mama mdogo. Yeye alikuwa zamu. Alisimama upande wake, akasikia matarumbeta ya kwaya ya msiba upande wa pili. "Ningefika kwa dakika sita," alisema. "Na kila mtu pale anajua njia." Nikamuuliza kwa nini hakwenda. Akafikiri hatua kama kumi.

"Mimi ndiye niliyewazuia wengine."

Nimekaa na jibu hilo kuliko andiko lolote nililosoma mwaka huu. Hakusema sheria. Hakusema Zambia. Kama ningekuwa na darasa leo, na yule mtoto wa nyuma akainua mkono tena, ningemwambia hivi: hapana, cha wizi hakihalalishwi na miaka. Lakini angalia ukuta uliojengwa kombo na mtu mwingine. Watu wamekuja wakaegemeza nyumba zao humo, huyu chumba, huyu jiko, na sasa ukiuvuta ukuta unaua mtoto wa mtu. Deni lako si kwa aliyejenga. Ni kwa walioegemea. Yule kijana hakuuheshimu mkataba wa 1890, hajui hata upo. Aliwaheshimu watu aliokwishawarudisha nyumbani wakilia. Hapo ndipo mstari unapopatia nguvu yake, na nadhani ndipo penye dhambi ya kuuvuka pia, kama ipo: siyo kwenye kukanyaga, ila kwenye kujipa wewe kile unachomnyima mwenzako.

Tulifika kwa wauza vitenge. Akasimama pale ambapo mimi sikuona kitu na yeye aliona. Nikampa mkono. Nikampa na kwacha zangu za chooni, akakataa.

Tuliondoka saa kumi. Akina mama walikuwa wamechangamka, maana kijana wetu, baada ya hotuba yake, aliwapa saa moja ya kununua vitu, na sukari ya ng'ambo ilikuwa rahisi kuliko ya Mwanjelwa kwa tofauti ambayo mtu wa pensheni haiachi. Mifuko ilipangwa chini ya viti, ikafunikwa vitenge, juu ya vitenge yakawekwa mabegi ya vitabu vya nyimbo. Hakuna aliyepanga; ilipangika. Katikati ya Tunduma na Vwawa tukakuta kizuizi. Ofisa kijana akapanda, akasalimia kwa heshima, akatupa macho safu kwa safu, kisha akanigeukia mimi niliyekaa mbele, mwenye mvi na beji ya mzee wa kanisa.

"Shikamoo mama. Mmebeba nini?"

"Marahaba, mwanangu. Hatujabeba kitu. Tulikwenda kuangalia mpaka."

"Mpaka?" Alitabasamu. "Una nini wa kuangalia?"

Basi zima likacheka, na yeye akacheka, akagonga bodi, dereva akatia gea. Kilo tano kati ya zile zilikuwa zangu.